Harufu ya Kumi na Moja

Kwa miaka ishirini na miwili kazi ya Bi Pua ilikuwa kunusa vitu vizuri, na hakuna aliyemwonya kwamba siku moja angelipwa kunusa maiti.

Alikuwa mchanganyaji wa harufu katika kiwanda cha sabuni. Ile sabuni ya bluu inayonukia kama shuka lililoanikwa juani, yeye ndiye aliyeitia harufu. Ya watoto, ya pinki, ni yeye pia. Jina lake halisi lilibaki kwenye kitambulisho; kiwandani na mtaani alikuwa Bi Pua tu, na hakulichukia, maana pua yake haikuwa ya mchezo. Akipita kwenye korido alijua nani kavaa nguo zisizokauka vizuri, nani karudia sigara baada ya kuapa mbele ya mkewe, na nani ana mimba ambayo bado hajamwambia mtu. Watu husema macho hayana pazia. Pua haina hata mlango.

Kila asubuhi alichovya vijiti vya karatasi kwenye mafuta, akanusa, akaandika matone kwenye daftari lake. Pua ikichoka alitoka nje ya maabara, akakunja mkono, akanusa kikunjo cha kiwiko chake mwenyewe, pumzi tatu, ndipo akarudi mezani. Wafanyakazi wapya aliwafundisha hivyo hivyo. Pua ni mvivu, aliwaambia, ukikaa na harufu robo saa inaacha kukupa habari zake, kwa hiyo usiiamini pua iliyokaa mahali pamoja.

Siku Bi Raba alipoletwa maabara, Bi Pua alimnusa kabla hajamwona. Alinukia kama ndani ya gari jipya. Akageuka akakuta mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mwenye raba nyeupe pe ambazo hazijui tope ni nini, na jina likapatikana palepale. Alikuwa msimamizi wa mradi katika kampuni inayotengeneza mashine ya gemu, ile ya kuchomeka kwenye televisheni sebuleni, ambayo ingetoka mwakani. Aliitoa kwenye mkoba taratibu akaiweka mezani. Kilikuwa kidude cheusi, kinene kidogo kuliko kitabu, chenye matundu madogo mbele.

"Picha yake usiseme," Bi Raba alianza, na ilionekana ameshayasema hayo mara mia. "Unyoya mmoja wa ndege unauona. Rimoti zinatetemeka kufuatana na unachokanyaga, mchanga kivyake, majani kivyake. Ukishika bunduki iliyotoka kupigwa, rimoti inapata joto. Sauti inakuzunguka mpaka unageuka kuangalia nani yuko nyuma yako. Lakini hayo wenzetu nao wanayo, au watayapata kesho. Hiki hawana." Akabonyeza ubavuni, kikachomoza kitana, kitrei chembamba chenye vichupa kumi na viwili, kila kimoja kidogo kuliko kidole cha mtoto. "Harufu."

Meneja wa kiwanda alipiga makofi peke yake. Bi Pua hakupiga, ila alivutiwa, na asiseme mtu kwamba hakuvutiwa. Harufu kumi za kwanza zilimpa raha ambayo sabuni ilikuwa imeacha kumpa zamani. Alitengeneza nyasi za uwanja baada ya mvua. Alitengeneza ngozi ya mpira mpya, moshi wa kuni mbichi, mkate ukitoka tanuruni, vumbi linaloanza kupokea matone. Alirudi nyumbani anaimba.

Ndipo ikaja ya kumi na moja.

"Hii ni ya gemu yetu kubwa," Bi Raba alisema. "Wafu wanafufuka, unapambana nao nyumba kwa nyumba. Tunataka mchezaji asikie uvundo wao wakimsogelea. Siyo panya aliyekufa, hapana. Nyama ya mtu, inayooza huku bado inatembea."

"Kwa faida gani?" Bi Pua aliuliza.

"Tumepima." Bi Raba alivuta kiti karibu, kama mtu anayekuletea umbea mtamu. "Mtu akifurahi anatosheka. Anazima, anakwenda zake kula. Lakini mtu akipata kinyaa, anaziba pua, anasema siwezi, halafu anataka kujua kinachofuata. Anakaa dakika kumi na tisa zaidi. Dakika kumi na tisa, Bi Pua! Rimoti inasoma jasho la kiganja. Mashine ikiona kiganja kimeanza kukauka, inapuliza tena."

"Na watoto je?"

"Kuanzia miaka kumi na mitatu," Bi Raba alisema, kwa sauti ya mtu asiyejisumbua kuamini anachosema.

Bi Pua alimtazama zile raba. Kuna uchafu wa jalalani, huo unajulikana na unafagiwa. Na kuna uchafu wa mtu aliyeoga, akachana nywele, akakaa kitini kwa adabu kupanga namna ya kuwashikilia watoto wa watu kwa kichefuchefu. Huo hakuna sabuni inayoutoa, na Bi Pua alizijua sabuni. Lakini meneja alikuwa amesimama nyuma yake, na kazi ni kazi, akachukua daftari.

Sasa, nyumbani kwa Bi Pua kulikuwa na uvundo mwingine, na huo haukuwa wa gemu.

Aliishi na kaka yake mkubwa, aliyefiwa na mkewe, na binti wa kaka huyo mwenye miaka kumi na mmoja. Kaka alikuwa refa wa mpira kwa miaka kumi na tisa. Mtaa mzima ulimwita Refa, hata mwenye duka la pembeni ambaye aliwahi kutolewa kwa kadi nyekundu na mpaka leo anasema hakutendewa haki. Refa hakuwahi kupuliza filimbi kwa kumpendelea mtu. Alimnyima penalti shemeji yake mwenyewe, na shemeji alikaa miaka mitatu bila kumpa salamu.

Kisha kisukari kilimshika, kikamla macho kidogo na miguu zaidi. Kiatu kipya kilimchubua chini ya vidole vya mguu wa kulia, yeye asisikie, maana mguu ulikuwa umeshakufa ganzi. Kidonda kikafunguka. Daktari, mwanamke mfupi asiyependa maneno mengi, aliwakalisha wote wawili akawaambia wazi.

"Mguu huu hautakwambia kitu kwa maumivu. Utakwambia kwa harufu. Siku kidonda kitakapoanza kunuka mleteni siku hiyohiyo, msingoje kesho yake. Tutatoa vidole viwili, mguu utabaki wake. Mkichelewa, mimi sipo."

Refa alicheka. "Kwa harufu? Basi nimepona, daktari. Naishi na pua ambayo haina mwenzake."

Tangu hapo ikawa ndiyo desturi. Kila asubuhi Bi Pua aliosha kidonda, akakifunga, na Refa, ambaye macho yake hayakuweza tena kuona chini ya unyayo wake, aliuliza: "Haya, Pua. Kinanuka?" Na Bi Pua alisema hakinuki, na ilikuwa kweli.

Mpaka asubuhi moja ikawa si kweli. Siku mbili kabla, rafiki yake Refa, mshika kibendera wa miaka yote ile, alikuwa amekatwa mguu na hakuamka tena kwenye kitanda cha upasuaji. Refa hakulala usiku ule wala uliofuata. Alipouliza kama kinanuka, midomo ilikuwa ikimtetemeka kama ya mtoto, na Bi Pua, akiwa bado ameshika bandeji, alisikia utamu mbaya wa kitu kinachooza ukipanda kutoka kwenye unyayo. Ulikuwa mdogo, lakini ulikuwepo. Akasema: "Hakinuki, kaka."

Alijiambia nitamwambia kesho, akishatulia. Kesho yake Refa alikunywa chai na kutabasamu, angemwambiaje? Keshokutwa ilikuwa ngumu zaidi, maana sasa ilibidi aeleze na la juzi. Uongo ni kama deni la dukani, siku ya kwanza ndiyo rahisi kulipa. Wiki ya kwanza ikapita, ya pili ikapita. Refa akipata homa ya jioni alimpa vidonge. Manesi wa kuja nyumbani Refa hakuwataka, na Bi Pua, aibu iliyoje, alishukuru. Bi Pua alimvuta binti pembeni akamwagiza: "Baba akiuliza, sema unasikia harufu ya dawa." Binti akaitika ndiyo, shangazi. Tangu siku hiyo aliishia mlangoni kwa baba yake, akimsalimia kwa kupumulia mdomo, halafu anakimbilia nje. Refa alidhani mtoto anakua na ameanza kuona haya.

Mficha maradhi kifo humuumbua, wahenga walisema, na Bi Pua aliujua msemo huo tangu utotoni. Kuujua hakukumsaidia chochote. Kila asubuhi alijikaza kumwambia, na kila asubuhi aliyaangalia yale macho yenye ukungu yanayomwamini, akasema kilekile. Alijichukia. Alijichukia jikoni anapochemsha maji ya chumvi, alijichukia njiani, na kiwandani alijichukia zaidi kwa sababu huko ndiko walikomsifu kwa ukweli wa pua yake.

Huko maabara, harufu ya kumi na moja ilikataa kukaa. Jaribio la kwanza lilitoa samaki aliyevunda. La pili lilitoa choo cha stendi. Bi Raba aliyarudisha yote na karatasi yenye alama: watu wa majaribio wameona ni bandia, hawakutapika, walicheka.

"Huna mahali ulipowahi kuisikia yenyewe?" Bi Raba aliuliza. "Hospitali? Popote pale?"

"Sina," Bi Pua alisema.

Kesho yake asubuhi, akiwa amepiga magoti mbele ya mguu wa kaka yake, na beseni la maji limeshaanza kuwa na rangi ya chai, pua yake ilianza kazi bila kumwomba ruhusa. Juu kabisa, tunda lililoiva kupita kiasi. Chini yake, chuma. Chini ya chuma, kabeji iliyosahaulika kwenye sufuria, na mwisho kabisa kitu cha uvuguvugu, cha mtu, kile kinachofanya tumbo lijue kwamba hiki si chakula bali ni mwenzako. Kichwa kilikuwa kinahesabu matone huku mdomo unasema "hakinuki, kaka."

Aliingia maabara kabla ya wenzake na akaichanganya kwa dakika arobaini. Hakufuta hata mstari mmoja. Alichovya kijiti, akakipeleka puani, na mguu wa Refa ukawa mbele yake, mzima mzima, kwenye meza nyeupe.

Hapa ndipo pa kuona haya, na msimulizi huyu hatampunguzia: alifurahi. Kabla ya kichefuchefu, kabla ya kukumbuka ni nini kile, fundi aliyekuwa ndani yake aliona kazi imekamilika, akafurahi. Furaha ilikaa kwa pumzi moja tu. Kisha alikimbilia sinki akatapika, na alipokuwa anasukutua mdomo aliamua kuimwaga chupa yote kwenye bomba. Akageuka kuichukua akakuta Bi Raba ameshaingia, kijiti kiko mkononi mwake.

Bi Raba alinusa. Akajishika mdomo. Machozi yakamtoka, akarudi nyuma hatua mbili, akaegemea ukuta. Halafu alinusa tena.

"Ndiyo hii!" alisema, akicheka na kukohoa. "Ee bwana wee! Ndiyo hii! Umeitoa wapi?"

Bi Pua alikuwa na nafasi ya kusema. Alisema: "Kichwani."

Mwezi haukuisha kabla wachanganyaji wote wa mradi hawajapewa mashine ya majaribio ya kukaa nayo nyumbani wiki mbili, kwa siri, na fomu ya kuandika maoni. Bi Pua alitaka kuiacha kabatini. Lakini Refa alikuwa amelala wiki nyingi anatazama dari, na gemu mojawapo ilikuwa ya mpira, na ndani yake mtu aliweza kuchagua kuwa mchezaji, kocha, au refa. Angewezaje kumnyima?

Hakuwa mjinga. Alijua kilichokuwa kwenye kichupa cha kumi na moja, akajipanga kukitoa. Tatizo ni kwamba vichupa vya majaribio havikuwa na maandishi wala mpangilio. Vilikuwa na rangi tu, na rangi zilichanganywa makusudi ili watu wasijue kinachokuja. Basi siku hiyo aliomba ruhusa, akamwosha Refa, akamfunga, akamlisha, akaunganisha mashine kwenye televisheni ya chumbani. Saa mbili nzima alikuwa humo humo. Ndipo akachomoa kitana, akakaa ukingoni mwa kitanda, akavifungua vichupa kimoja kimoja na kuvinusa. Nyasi. Mkate. Moshi. Mpira. Kumi na kimoja vilikuwa na harufu. Kimoja, chekundu, hakikuwa na kitu. Alikinusa mara mbili, hamna. Kumbe hawajakijaza, alijiambia, akashusha pumzi kwa furaha, akavirudisha vyote mahali pake.

Refa alishika rimoti na miaka kumi ikamtoka mwilini. Mashine ilipopuliza nyasi alivuta pumzi, akavuta tena.

"Uwanja wa mvua," alisema. "Pua, ni wewe umeitengeneza hii? Umenirudisha kazini!" Dakika tano baadaye alikuwa anagombana na skrini. "Hii mashine haijui sheria! Ameotea mita nzima na inaniambia goli! Nitampa kadi hata huyo aliyeitengeneza."

Bi Pua alicheka mpaka akashika mbavu. Hakukumbuka mara ya mwisho walipocheka pamoja.

Jioni haijaingia, binti akarudi kutoka shule. Alisikia kelele za uwanja akachungulia mlangoni, mkoba mgongoni. Alipoona mashine alisahau mlango, akasahau maagizo yote, akaingia akaketi sakafuni mbele ya kitanda cha baba yake kwa mara ya kwanza baada ya wiki tano. Refa alimwekea mkono kichwani.

"Shangazi, ile ya wafu ipo?"

Miaka kumi na mitatu haikuwa imetimia, lakini Bi Pua alikuwa amelewa furaha. "Ipo. Ila haina harufu, hawajaijaza. Cheza kidogo tu."

Binti alifungua mlango kwenye skrini, akatembea kwenye korido yenye giza. Kutoka chumba cha mwisho akatoka mfu, anaburuta mguu. Mashine ikapuliza, pff, kama mtu anayezima mshumaa.

Binti alitupa rimoti. Mikono yote miwili ikaenda puani. "Uwii! Inanuka! Shangazi, inanuka vibaya!"

"Inanuka nini?" Refa alicheka. "Mbona mimi sisikii kitu? Lete hapa." Akaokota rimoti, akamwendea mfu makusudi, akainama mpaka uso wake ukawa mbele ya yale matundu. Mashine ikampulizia usoni. Refa alivuta pumzi ndefu. "Hamna. Nyasi nilizisikia, mpira niliusikia. Hii hamna. Pua, wewe unasikia?"

Bi Pua alivuta pumzi. Hakusikia kitu. Akakitazama kichupa chekundu, akaelewa. Hakikuwa kitupu. Yeye ndiye aliyekaa humo saa mbili, wiki tano, akasahau nyumbani jambo analolifundisha kazini kila siku. Harufu ya chupa na harufu ya chumba zilikuwa moja. Mtoto aliyetoka nje ndiye pekee mwenye pua humu ndani.

"Unafanana na nini huo uvundo?" Refa alimuuliza binti yake, bado anatabasamu.

Binti alimtazama shangazi yake. Halafu akatazama sakafu.

Refa alikuwa na macho mabovu, lakini alitumia miaka kumi na tisa kuwatazama watu walioambiwa na kocha wao wasiseme. Tabasamu likaondoka. Akaweka rimoti kitandani.

"Mama," alimwita binti yake kwa upole, "sema tu. Hakuna kadi."

"Ni kama mguu wako, baba."

Kwenye televisheni mfu alikuwa anaendelea kuburuta mguu, hakuna wa kumzuia. Hakuna aliyeizima. Bi Pua alimwona Refa anahesabu: harufu alizozisikia, na hii moja ambayo haikumfikia kwa sababu tayari alikuwa anaishi ndani yake.

"Tangu lini?" hatimaye aliuliza. Hakumuuliza binti.

"Wiki ya tano hii."

"Nilikuuliza kila siku."

"Nilikuona unavyoogopa, kaka. Yule rafiki yako alikuwa ndiyo kwanza amezikwa. Nikasema kesho..."

"Kuogopa kulikuwa kwangu," Refa alisema. Hakupaza sauti, na afadhali angepaza. "Kazi ya kuogopa nilikuwa naifanya mwenyewe, tena vizuri. Wewe nilikupa moja tu." Akaitazama mashine. "Na hawa uliwapa. Mimi ukaninyima, hawa ukawapa, wacheze nayo."

Bi Pua alipiga magoti akataka kumshika mguu, Refa akauvuta kwa mikono yake miwili. "Ita gari," alisema.

Hospitalini, daktari mfupi alifungua bandeji bila kuziba pua. Alibonyeza hapa, akabonyeza pale, akapanda na kidole kwenye muundi, akafika kwenye goti, akasimama hapo muda mrefu. Kisha akatoa kalamu nene, akachora mstari juu ya goti.

"Hapa?" Bi Pua alisema. "Ulisema vidole."

"Nilisema siku hiyohiyo." Daktari alifunga kalamu. "Wiki tano zilizopita ningetoa vidole viwili, angerudi nyumbani anachechemea. Sasa naomba tu damu yake isiwe imeshachafuka. Nani alikuwa anamwosha?"

"Mimi."

Daktari alimtazama, kisha akaenda kunawa mikono.

Simu ililia Bi Pua akiwa na binti kwenye benchi la korido. Alikuwa Bi Raba, na kwa sauti yake ungedhani kuna harusi. "Hongera! Majibu yametoka. Namba kumi na moja imeongoza zote! Tulisema dakika kumi na tisa, imefika ishirini na sita. Wakubwa wameamua mashine itangazwe kwa hiyo, ndiyo sifa ya kwanza kwenye boksi."

"Iondoeni," Bi Pua alisema.

"Nini?"

"Iondoeni. Nitawatengenezea nyingine. Nitafanya bure."

"Bi Pua, imeshapita, na mchanganyiko ule ni mali ya kampuni, ulitia saini..."

"Si wa kampuni. Ni wa kaka yangu."

"Ooh, sikujua," Bi Raba alisema kwa heshima. "Kumbe naye ni mtaalamu wa harufu?"

Bi Pua alikata simu. Mwakani ule uvundo ungekuwa kwenye sebule za watu asiowajua. Watoto wangeziba pua, wangecheka, wangeomba tena, na ingekuwa ndiyo kazi yake bora kuliko zote. Alinusa viganja vyake. Vilinukia sabuni ya bluu, na hilo lilimtia kinyaa kuliko kitu kingine chochote siku hiyo.

Wauguzi walimtoa Refa akiwa kwenye kitanda cha magurudumu, wakimpeleka chumba cha upasuaji. Walipofika usawa wa benchi aliinua mkono wasimame. Bi Pua alisimama haraka, akasogea, akainama ili amsikie.

Refa hakuwa anamtafuta yeye. Alinyoosha mkono ukampita, akamshika binti yake bega.

"Kaa hapahapa," alimwambia mtoto. "Usiende nyumbani hata wakikwambia uende. Nikitoka humo nitakuwa na maswali, na yote nitakuuliza wewe."

"Ndiyo, baba," binti alisema, na wauguzi wakasukuma kitanda.